Langstroth au KTBH kwa kundi jipya? Nina mpaka Jumamosi

KijanaMikindani
Salaam nyote. Kuna kundi la nyuki lilinishukia nyumbani Mikindani, Mombasa, nikalikinga kwenye sanduku la plaiwudi na sasa wametulia. Nataka kuwanunulia mzinga wa maana. Bei nilizopata ni mbili: Langstroth (mzinga wa sanduku ambamo nyuki hujenga masega ndani ya fremu) na fremu zake kumi, shilingi 6,800, na KTBH (mzinga wa Kenya wa vijiti vya juu, masega yananing'inia kwenye vijiti) ya kuchongewa na fundi, shilingi 4,200, ila anataka siku nne. Mwenye Langstroth ameniwekea mpaka Jumamosi, baada ya hapo anamuuzia mwingine. Nichukue upi? Shukrani.

SeremalaKisauni
KTBH, wala usijizungushe. Ule mzinga ulibuniwa hapahapa Kenya miaka ya 70, ukapimwa kwa nyuki wetu. Vijiti vya juu vina upana wa milimita 32, yaani inchi moja na robo, kwa sababu nyuki wetu hujenga masega yaliyokaribiana kuliko ya nyuki wa Ulaya. Langstroth ni mzinga wa Mmarekani wa mwaka 1852. Fremu zake za kawaida zimekatwa milimita 35. Halafu mzinga wenyewe ni mzito kama jeneza.

DadaBamburi
Hao wa milimita 35 mbona wanaishi kwangu na asali natoa? Seremala wewe unapenda KTBH kwa kuwa ni rahisi kuchonga. Kijana, chukua Langstroth. Ukirina, unakamua asali kwa mashine na masega unawarudishia mazima. KTBH unakata sega lote, kila msimu wanaanza upya kutengeneza nta, na nta inakula asali nyingi.

MamaMchu
Ngojeni kwanza. Mwanangu, umetuuliza habari za nyumba bila kututajia wapangaji. Waliingia lini? Kundi lilikuwa kubwa kiasi gani, kama embe au kama fenesi? Sanduku liko wapi saa hizi, na mzinga utakaa wapi? Una mavazi ya nyuki na kitoa moshi? Kuna majirani? Hayo tukiyajua ndipo tuzungumze habari ya mbao.

KijanaMikindani
Samahani mama. Waliingia Jumapili saa kumi, leo siku ya nne. Kama fenesi dogo. Sanduku liko juu ya paa la choo cha nje, ila mzinga nitaupeleka kwenye kijishamba chetu Mtongwe, ng'ambo ya feri ya Likoni. Mavazi nimeazima. Malkia sijamwona bado, ingawa nafungua kila jioni niangalie. Wamejenga masega matatu meupe, yamening'inia kwenye kifuniko. Nikiinua kifuniko yanainuka nayo, yanapendeza sana.

BabuJomvu
Kila jioni? Na masega yananing'inia hewani?

MamaMchu
Subhanallah. Acha hiyo kazi leo. Nyuki wetu wa pwani ni wepesi kuhama, na kundi jipya halina kitu cha kulifunga mahali. Yai hukaa siku tatu ndipo litoe jana, yaani mtoto wa nyuki, na nyuki kibarua hutoka kwenye sega baada ya siku kama ishirini. Mpaka wawe na majana ya kulisha, hao ni wageni waliokaa ukumbini na mabegi mkononi. Kila ukifunua unawaambia nyumba haina faragha. Sega changa nalo ni laini kama ubani uliotafunwa. Kwa jua letu hili ukiligeuza kidogo linakatika, malkia akiwa juu yake basi.

Kaa pembeni, hatua kumi hivi, uangalie mlango tu. Ukiona wanaingia na chavua miguuni, vifurushi vya njano, kuna uwezekano mkubwa kwamba malkia anataga. Hapo utapumua kidogo.

SeremalaKisauni
Mama kasema kweli. Lakini hilo la masega kushikana na kifuniko ndilo linalothibitisha nililosema. Angekuwa na vijiti vya KTBH juu ya sanduku, angeinua kimoja kimoja bila kupasua kitu. Kijana, hilo sanduku lina upana gani? Likilingana naweza kukukatia vijiti kumi kesho asubuhi, mia tano tu.

DadaBamburi
Biashara imeshaanza 😂

BabuJomvu
Mimi nitakueleza yaliyonipata na Langstroth, halafu uamue mwenyewe.

Nilinunua mzinga kwa muuzaji mmoja (jina nalificha), na fremu nikazichukua kwa mwingine kwa sababu zilikuwa rahisi kwa mia mbili. Nikaona fremu ni fremu. Kumbe zake zilikuwa fupi kwa kidole kizima kwenda chini, na kule juu kati ya fremu na kifuniko palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Kundi nikalipata Novemba, kubwa, nikalitia usiku, likakaa. Nilifurahi nikachinja kuku. Miezi miwili sikulifungua kwa kuwa niliambiwa nisilisumbue, na hapo ndipo nilipokosea upande wa pili.

Mzinga wa fremu siri yake ni nafasi ya nyuki kupita, milimita sita mpaka tisa. Ikizidi hapo wanajenga sega. Ikipungua wanaziba kwa gundi yao. Basi wangu walijenga chini ya fremu, juu ya fremu, na kati ya fremu moja na nyingine, wameshonea kama mkeka. Siku niliyofungua, nilivuta fremu moja zikaja tatu, nyingine zikakatika. Asali ikamwagika mpaka kwenye miguu ya stendi, majana meupe yametapakaa majanini. Nyuki walinifukuza mpaka barabarani, na mwenye bodaboda aliyekuwa akipita aliiacha pikipiki yake mtaroni akakimbia. Nilimlipa kioo cha pembeni na soda.

Usiku huohuo siafu wakaja kwa harufu ya asali. Stendi nilikuwa nayo, ila vikopo vya oili chafu vya kuzuia siafu miguuni mwake vilikuwa vimekauka. Asubuhi nyuki wako juu ya mkorosho, wamejikusanya. Saa tano wakaondoka kuelekea mikokoni, nami nimesimama na ndoo. Ule mzinga hivi sasa kuku wanatagia.

Kwa hiyo ukichukua Langstroth, pima kila kitu kwa rula mbele ya muuzaji. Pima nafasi ya juu, ya chini na ya pembeni. Akikasirika, ondoka.

DadaBamburi
Pole Babu, lakini hapo kosa ni la rula, si la Langstroth. KTBH nayo usipopaka nta katikati ya kila kijiti wanajenga mshazari, ukafungue uone.

PwaniSafi
Nyote mnahangaika. Wazee wetu wametumia gogo lililotobolewa, likafungwa juu ya mti, miaka na miaka. Nyuki hawahami, na hulipi elfu sita.

BabuJomvu
Hawahami mpaka siku unayowatoa asali kwa moto. Nimepanda miti hiyo nikiwa kijana, yakhe. Unarina gizani, majana na asali ndani ya ndoo moja.

KijanaMikindani
Ahsanteni. Je, niwape sukari ili wasihame? Jirani ameniambia niweke sufuria ya maji ya sukari mlangoni.

DadaBamburi
Ndiyo, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, kundi jipya linahitaji nguvu ya kutengeneza nta. Ila iwe ndani ya mzinga, na uweke vijiti vya kuelea wasizame. Ukiweka sufuria nje utaalika nyuki wa Changamwe nzima waje wawaibie, na wale chungu wa majimoto watafuata.

PwaniSafi
Hiyo sukari ndiyo inayotuletea asali feki sokoni.

DadaBamburi
Nani amesema anauza? Huu ni uji wa mgonjwa, wiki mbili basi. Hawana hata sega lililokamilika, waweke asali wapi?

PwaniSafi
Mimi nimenunua asali Kongowea, nimetia kwenye maji ikayeyuka papo hapo. Sukari tupu.

MamaMchu
Kipimo cha maji hakithibitishi kitu, shira nzito nayo huzama. Sisi asali yetu ya mikokoni, ya mchu, huwa nyepesi mvua ikizidi na ni ya nyuki safi kabisa. Lakini tusimpoteze kijana. Minazi ina maua mwaka mzima, na hapo Mikindani mikoko nayo iko karibu, mimi singempa sukari ila mvua ikipiga siku tatu mfululizo. Maji ya kunywa muhimu zaidi, na kivuli. Nimekumbuka: umesema juu ya paa la choo. Paa la mabati?

KijanaMikindani
Ndiyo mama, mabati. Mchana kuna joto kidogo. Na majirani hamkuniuliza tena, nilisahau: ukuta wa pili ni madrasa. Watoto hutoka saa kumi na moja.

MamaMchu
Nilikuuliza mara ya kwanza.

Sasa maneno yamebadilika. Langstroth au KTBH tutazungumza wiki ijayo. Hilo sanduku lisikae ukuta mmoja na watoto. Kundi jipya ni pole sasa kwa sababu halina cha kulinda. Likishakuwa na majana na asali, utaona tabia nyingine. Lipeleke Mtongwe likiwa vilevile, usiku, wote wakiwa ndani. Ziba mlango kwa wavu wa chuma upitishao hewa, usizibe kwa karatasi wala kitambaa, watajipika. Sanduku lisimame wima muda wote, masega yasilale. Umbali huo unatosha, hawatarudi Mikindani kutafuta choo.

SeremalaKisauni
Na ukifika uliweke hapohapo utakapoweka mzinga, ili siku ya kuwahamisha wasipotee. Mimi ningewahamisha baada ya siku tatu tu, nikafunga yale masega kwenye vijiti kwa uzi wa pamba.

MamaMchu
Siku tatu sega bado laini. Mimi ningengoja wiki tatu, liwe na rangi ya chai na majana yaliyofunikwa.

SeremalaKisauni
Wiki tatu watakuwa na masega sita kwenye kifuniko, akate yote? Mama, hiyo ni operesheni.

BabuJomvu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Seremala. Na mzinga wowote utakaonunua, usiwape wote. Weka ubao wa kugawa, waanze na vijiti au fremu tano. Fenesi dogo kwenye Langstroth nzima ni familia ya watu wawili ndani ya ukumbi wa harusi, nondo na mende wa mzinga watakaa kule wasikofika.

DadaBamburi
Ukipata sega kuukuu tupu la mtu mwenye nyuki wazima, litie. Na ndani ya mzinga mpya sugua nta na mchaichai. Usipake vanishi ndani, kuna mtu nilimwona.

KijanaMikindani
Je, nyuki wanaruhusiwa feri?

PwaniSafi
😂😂 Utawaambia askari umebeba nini, keki?

BabuJomvu
Usithubutu. Sanduku likiangushwa katikati ya watu mia nane, pa kukimbilia ni baharini. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, wewe uko Mikindani, ingia Miritini uzunguke. Tafuta mwenye Probox, umwambie ukweli kabla hajapakia.

KijanaMikindani
Nimempata binamu yangu, amekubali kwa sharti nikae nyuma nao. Tunaondoka leo saa nne usiku. Jioni hii sikufungua. Nimekaa mbali nikaona wawili watatu wameingia na kitu cha njano miguuni. Mwenye Langstroth amepiga simu, nimemwambia bado nafikiria, amekasirika kidogo. Seremala, upana wa sanduku kwa ndani ni inchi kumi na nane na nusu.

SeremalaKisauni
Inchi kumi na tisa ndicho kipimo cha vijiti vyangu. Hiyo nusu itatusumbua. Piga picha ya ukingo wa juu, lakini usifungue!

PwaniSafi
Kuna mtu Likoni ana sega kuukuu la kuuza? Na asali ya mchu, lita moja, mnauzaje?