Eti kiwanja cha shule ni "eneo limelala"?!! Nimetoka kikaoni sasa hivi

Jamani nimetoka kikao cha mtaa sasa hivi mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa michoro ya mipango miji, mnamjua, shati la kubana na kile kitochi chake chekundu cha kumulikia picha, kawasha projekta kaonesha maghorofa yameizunguka shule pande zote nne, fremu za maduka chini watu juu, halafu kakituliza kitochi katikati ya kiwanja cha shule akasema "hapa kuna eneo limelala". LIMELALA! Saa nne ile, madirisha ya ukumbi wazi, tunawasikia watoto wako mapumziko hapohapo anapomulika!!

Ghorofa sikatai. Hapa Ngamiani, Tanga, fremu mbele watu nyuma ndo tunavyoishi tangu enzi za babu zetu. Ila upande wa kusini wote kauziba kwa jengo la ghorofa 8 na yale madarasa hayana hata feni, yanaishi kwa upepo wa kusi, likisimama lile watoto wataiva kama mihogo ya nazi. Si aweke marefu magharibi yatukinge na jua la mchana? Muuza bagia analijua hilo! Na geti la shule ndo kalifanya njia ya malori ya kushusha mizigo ya fremu. Na hao watu wote watakaohamia, watoto wao wasome wapi? Darasa hajachora hata moja.

Nikanyoosha mkono. Kanijibu "mama, haya mambo ya kitaalamu", kitochi kikarudi palepale. Eneo limelala. Mwanangu wa darasa la nne anacheza kombolela hapo, chini ya mwembe uleule niliofundishiwa kuhesabu mie mama yake, nipo peku, leo limelala! Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi watoe maoni, sie maoni yetu ndo kuambiwa tukae. Kamaliza kapanda gari kaenda zake. Waja leo waondoka leo, huyu hata chai hakumaliza.

binti_barabara_ya_8: Limelala?? Angesogea pale apigwe na mpira wa soksi usoni angejua nani kalala 😂

Fundi Makorora: Dada umesahau choo. Ghorofa 8 maji taka yanaenda wapi? Kwetu masika tu mashimo yanafurika mpaka barazani

pweza_mkavu: Hasira za kukatwa kauli hizo. Ungeahidiwa fremu moja ungepiga makofi wewe

Mleta uzi: Fremu ya nini kaka angu, mtoto akachezee juu ya bati?? ENEO LIMELALA kasema, mbele ya walimu!

pweza_mkavu: Haya mama kitochi pumzika

Mzee wa Baiskeli: Nyie mna nafuu. Kwetu bajaji wanapaki mpaka mlangoni, nikitaka kutoa baiskeli asubuhi naomba ruhusa kama mgeni

binti_barabara_ya_8: Bajaji usiseme mzee wangu! Jana kutoka stendi ya Kange mpaka mjini kanitoza elfu 5, mvua hata haijanyesha

Fundi Makorora: Elfu 5 una bahati, mie elfu 7 na ngazi yangu nimeishika mwenyewe nje njia nzima

Mzee wa Baiskeli: Nunueni baiskeli

binti_barabara_ya_8: Na hili jua mzee? Ivi kuna mtu ana namba ya bajaji mwenye utu?