Msaada wa Kiingereza: hii "set out" ni kuondoka au kupanga?

MamaChapati_Kgm: Wakuu, habari za jioni. Napika kwenye nyumba ya wageni hapa Kigoma mjini. Kuna kundi kesho linakwenda Gombe kwa boti, kiongozi wao kaniandikia: "We set out at six, so please set out the breakfast the night before." Ya kwanza naona ni kuondoka. Ya pili nayo simu inatafsiri "ondoka". Sasa mkate uondoke uende wapi?

Ticha_Uyui: Dada, tazama kinachofuata. "We set out" peke yake ni kuanza safari. Ikifuatiwa na kitu, kama "breakfast", "chairs" au "plates", ni kukitoa na kukipanga mahali pa wazi, kama akina mama wa sokoni wanavyopanga mafungu ya migebuka. Anataka akiamka akute vyote mezani. Ukimjibu kwa "them", iweke katikati: "I will set them out". "Set out them" hakuna.

Kibirizi1: Na hiyo six ni saa kumi na mbili asubuhi, usije ukawaamsha saa sita!

MamaChapati_Kgm: Hahaa, hilo nalijua kaka. Ila bosi wangu husema "set up". Si ndiyo hiyohiyo?

Ticha_Uyui: Hapana. "Set up" ni kusimamisha au kufunga kitu kifanye kazi: hema, spika, kompyuta. Hata kuanzisha biashara. Lakini mtu akisema "They set me up", mara nyingi analalamika wamemtega. Zote mbili hazibadiliki wakati uliopita, jana pia ni "set". "Setted" naisahihisha kila muhula hadi nimechoka.

Karani_Mstaafu: Kwenye mikataba utakuta "the terms set out below", yaani masharti yaliyoainishwa hapa chini. Halafu "he set out to learn Kiswahili" ni kukusudia, hakuna safari hapo.

Kibirizi1: Mimi wasiwasi wangu ni maziwa na mayai kulala mezani na joto hili. Muulize kwanza.

MamaChapati_Kgm: Nimemuuliza. Anataka mkate, ndizi na chai kwenye chupa tu, mayai hawali. Asanteni, naenda kukanda unga.