Ametuita tushirikiane naye kubuni huduma ya utabiri, kisha akatukataza kuuliza!

Jembe Butu: Ndugu wanajukwaa, nimetoka mkutanoni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Aliyetuita simtaji jina kwa kuwa nyote mnamjua: ni yule ambaye akianza kueleza utabiri wa msimu watu wakipanda, humaliza watu wakivuna. Barua ya mwaliko ilisema kwamba wakulima, wafugaji na wavuvi tutashiriki kubuni huduma ya taarifa za tabianchi tangu hatua ya kwanza. Tulipofika tukakuta huduma imekamilika, ina nembo na vipeperushi vimechapwa. Yaani tuliitwa kuchagua kitambaa ilhali nguo imekwisha kushonwa.

Mama mmoja akasimama, akauliza kwa adabu mvua zitaanza lini, na kama kutakuwa na ukavu wa muda mrefu mazao yanapotoa maua. Yule bwana akamjibu bila hata kumtazama: "Maswali ya watumiaji yatapokelewa baada ya uzinduzi." Baada ya uzinduzi! Katika mkutano ulioitishwa ili watumiaji waulize!

Kisha akarudi kwenye ramani yake: uwezekano wa asilimia 40 kwa mvua za juu ya wastani, 35 kwa za wastani, na 25 kwa za chini ya wastani. Hakueleza kwamba bila utabiri wowote kila fungu kati ya hayo matatu lina takriban asilimia 33, kwa hiyo hiyo 40 ni mwelekeo mdogo tu, wala si ahadi ya mvua tele. Msimu unaweza kufikisha jumla ya wastani kwa mvua kubwa za siku chache, halafu mazao yakaungua kwa wiki tatu mfululizo, na hilo ndilo hasa alilouliza yule mama. Baada ya uzinduzi, jamani!

Mfumo wa Kimataifa wa Huduma za Tabianchi, ulioasisiwa katika mkutano wa Geneva mwaka 2009, una nguzo tano, na mojawapo ni jukwaa la kuwakutanisha watumiaji na watoa huduma. Nguzo hiyo ameing'oa mbele ya macho yetu.

Mama Mbegu: Pole sana ndugu yangu. Kwetu alikuja na dodoso lisilo na mwisho, tukamweleza kila kitu, hadi wakati tunapokopa mbegu. Hakuna hata mstari mmoja uliorudi kwetu.

Sauti ya Nyuma: Nawe ulikaa hadi mwisho ukatia sahihi orodha ya mahudhurio. Hiyo sahihi yako ndiyo ushahidi wake kwamba alishirikisha watumiaji. Hasira ulipaswa kuimalizia ukumbini.

Jembe Butu: Sahihi zilichukuliwa mlangoni kabla ya lolote! Narudia: mtu aliuliza mvua zitaanza lini, akaambiwa asubiri uzinduzi.

Fimbo Ndefu: Wakulima mna bahati, mnapewa hata ramani. Sisi wafugaji tunataka kujua malisho na maji vitapatikana wapi ukame ukiingia, ili tuhame au tuuze mifugo ingali na afya. Tunaletewa tarehe za kupanda mbegu, kana kwamba ng'ombe huota shambani.

Tanga la Kale: Afadhali nyinyi wa nchi kavu. Mvuvi anahitaji kujua upepo na mawimbi ya alfajiri, nao ujumbe unaingia simuni tukiwa tumekwisha kurudi.

Msoma Kipimamvua: Mimi najitolea kusoma kipimamvua kila asubuhi na kutuma takwimu, lakini sijawahi kuonyeshwa zilivyotumika. Utabiri ukikosea, majirani wanagonga mlango wangu.

Fimbo Ndefu: Kipimamvua chako kiko bondeni, nasi tunachunga mlimani. Mvua ya kwako inahesabiwa kana kwamba imetunyeshea na sisi.

Msoma Kipimamvua: Basi ombeni chenu, kisha mpate mtu wa kukisoma kila siku bila hata ahsante.

Tanga la Kale: Mnagombania kipimamvua, na huku kwetu hakuna hata boya la kupimia mawimbi.