Kusi inakatika, matlai inaanza: changu na kolekole ndani ya mwamba, maji yapi na saa ngapi?

BahariTulivu (Bagamoyo)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wazoefu wa maji ya ndani. Kusi (upepo wa kusini) inakatika na asubuhi bahari imeanza kulala. Chombo ni boti ya fiba ya futi 16, mashine ya farasi 15, watu wawili, mishipi ya mkono tu, hakuna nyavu. Natafuta changu, chewa wadogo na kolekole kati ya ufukwe na miamba ya karibu, kina cha mita 3 hadi 15, kuanzia Oktoba hii mpaka vuli ishike mwezi wa 11.

Ninachouliza: bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) au maji mafu (maji madogo ya nusu ya mwezi)? Niingie saa ngapi na nitoke saa ngapi? Uzito wa chubwi (risasi ya mshipi) na namba ya ndoana? Na mvua zikianza, mto Ruvu ukashusha tope, ndiyo basi tena au ipo namna? Jedwali la maji la Dar ninalo, ila sijui nilioanishe vipi na upepo.

Nahodha_Ununio

Mkuu, hilo la kuoanisha maji na upepo ndilo la kuanza nalo, mengine yote yanalifuata. Msimu huu wa maleleji, kati ya kusi na kaskazi (upepo wa kaskazini), upepo una ratiba karibu kila siku. Usiku wa manane hadi saa mbili au tatu asubuhi unavuma umande kutoka nchi kavu, mwepesi, maji yanakuwa kama kioo. Katikati ya asubuhi unakata. Kuanzia saa sita hivi matlai inaingia kutoka mashariki, inakaza mpaka saa kumi, halafu inalegea jua likizama. Wakati wa kusi kali ya Juni hadi Agosti ratiba hiyo haionekani vizuri, kusi ndiyo inayotawala.

Sasa chukua maji. Pwani yetu bamvua hujaa kama saa kumi hadi kumi na moja na nusu, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne hadi tano na nusu. Kila siku maji yanachelewa wastani wa dakika 50, na ukikaribia maji mafu kuchelewa huko kunaweza kuzidi saa nzima. Ndiyo maana maji mafu yanajaa mchana, saa nne au tano, na kupwa alfajiri.

Ukiweka hayo mawili pamoja utaona kwamba siku nzuri kwa boti yako ni mwezi 5 hadi 7, na tena mwezi 20 hadi 22, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Siku hizo maji yanajaa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Unatoka gizani maji yakipanda, unavua mwisho wa kujaa na saa mbili za kwanza za kupwa, na saa nne unaweza kurudi ufukweni ukiwa bado na maji ya kutosha chini ya mashine. Thibitisha kwa jedwali lako, hesabu ya mwezi ni ya kukadiria.

Bamvua siipendekezi kwa chombo kidogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kasi. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12: saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, saa ya tatu peke yake huondoka sentimita 90. Maji mafu yenye tofauti ya mita 1.2 huondoa sentimita 30 tu saa hiyohiyo. Maji hayo yote yanatokea milangoni mwa mwamba (mapengo ya kupitia maji), na mshipi wako utalala ubavu badala ya kusimama. Na bamvua za Septemba na Oktoba ni miongoni mwa kubwa za mwaka.

Ya pili ni hatari, na hii naomba uishike. Bamvua ikijaa saa kumi jioni inaanza kutoka wakati matlai bado ina nguvu. Saa kumi na mbili mkondo unatoka kwa kasi, mawimbi ya matlai yanaingia, vinakutana mlangoni. Wimbi linafupika na kusimama wima, boti ya futi 16 inachota maji kwa omo (mbele). Bamvua hiyohiyo alfajiri haina shida, kwa kuwa umande unavuma kufuata maji yanayotoka. Tazama saa, usitazame bahari ilivyo ufukweni.

MshipiMkononi (Tanga)

Nakubaliana na Nahodha kuhusu mlango, ila bamvua nisingeitupa. Changu hatafuti chakula vizuri maji yakiwa yamesimama. Maji yakipanda juu ya majani, anapanda nayo kutafuta kaa, chaza na minyoo ya mchangani. Maji yakishuka anashuka na kusubiri ukingoni, pale majani yanapokutana na mchanga wa mkondo. Kwenye maji mafu anatawanyika, unapata mmoja hapa mmoja kule. Kwenye bamvua ya asubuhi, saa mbili za mwisho kabla ya kupwa kabisa, samaki wote wa eneo wamebanwa kwenye mashimo na vijito vya ndani ya mwamba. Kasi nayo imeshapungua, lile fungu 2 na fungu 1 la mwisho. Shida yake ni moja: huwezi kurudi ufukweni mpaka saa saba au nane maji yakipanda tena. Beba maji ya kunywa na kivuli.

Zana. Mshipi wa milimita 0.60 unatosha kwa changu, 0.80 kwa kolekole. Chubwi iwe chini kabisa, ndoana mbili juu yake: ya kwanza sentimita 30 kutoka kwenye chubwi, ya pili sentimita 40 juu ya hiyo, kila moja kwenye tawi la sentimita 15. Tawi likiwa refu linajizungusha kwenye mshipi mkuu wakati wa kushuka. Chubwi ifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi, 0.35 hivi. Ikinasa kwenye matumbawe unapoteza chubwi peke yake, samaki na ndoana vinarudi.

Uzito hauna namba moja. Anza na gramu 50 maji yakiwa mapole, na uwe na 80, 120 na 150 ndani ya boti. Kipimo ni mkono: chubwi ikigusa chini unapaswa kuihisi ikigonga, na ukiinua kidogo ikae ilipo. Ikikokotwa, ongeza. Ukizidisha uzito bila sababu, changu anahisi mvuto anapojaribu chambo na anakiacha.

Ndoana namba 9 au 10 kwa changu, 6 au 7 kwa chewa na kolekole (namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo). Noa kabla ya kutoka. Ncha ikiteleza juu ya ukucha bila kushika, haifai.

Chambo cha kwanza ni ngisi, kwa sababu ni mgumu na kikande (samaki wa meno makali) hawezi kumnyofoa kwa pigo moja. Kata vipande vya sentimita 6 kwa 1, choma mara moja tu karibu na mwisho ili mkia ucheze. Ukikunja na kuchoma mara tatu unatengeneza bonge linalozunguka na kusokota mshipi. Kamba ni mtamu zaidi kwa changu lakini samaki wadogo wanammaliza kabla hajafika chini. Kibua aliyekatwa mshazari, ngozi ikiwemo, ni wa chewa.

Na kama matawi yanakatwa safi bila wewe kuhisi mvuto, huyo ni bunju. Hama mita 50. Akipanda, mrudishe majini, asiingie kwenye ndoo ya kitoweo hata kwa bahati mbaya. Sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Kijana_wa_Sabaki (Malindi)

Salaam alaikum ndugu zangu. Nijibu la tope, maana huku ndilo tunaloishi nalo.

Kwanza jua tope linaelekea wapi. Mto wetu, Sabaki, unamwaga kaskazini ya mji. Wakati wa kusi mkondo wa pwani unalisukuma tope kwenda kaskazini, mbali nasi. Kaskazi ikishika, linageuka na kushuka kusini hadi mbele ya mji na kwenye hifadhi ya bahari. Ruvu nao unatokea kaskazini ya Bagamoyo, kwa hiyo Oktoba, upepo ukiwa bado na kusikusi, unaweza kukuta maji safi hata mto ukiwa umejaa. Baada ya kaskazi kuingia, huenda ikawa kinyume. Pili, usipime kwa mvua ya pwani. Sabaki hubeba maji ya bara kutoka upande wa Nairobi, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Mvua ikipiga Morogoro, tope linakuja siku kadhaa baadaye huku kwako jua likiwaka. Soma utabiri wa bara pia, sio wa bahari peke yake.

Tope likifika, usikimbie, tafuta mpaka wake. Maji ya mto ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi, na pale yanapokomea kuna mstari unaoonekana wazi: kahawia huku, kijani kule, katikati povu, majani na vijiti. Dagaa na kibua hujikusanya hapo, na kolekole huwafuata. Simama upande wa maji safi, mita 10 hadi 20 kutoka mstarini, uelekeze mshipi kwenye mstari. Mstari unahama na maji, kwa hiyo nanga haisaidii sana. Zima mashine, elea, ukipitwa rudi kwa kuzunguka nje, usiupasue katikati.

Ndani ya tope lenyewe changu anayewinda kwa macho hakuna, lakini kuna samaki wanaowinda kwa kunusa. Hapo ngisi mweupe hana faida kubwa. Tumia kibua au dagaa wenye mafuta, waliokaa nje ya barafu saa moja. Unaweza pia kusaga dagaa, ukachanganya sehemu moja ya dagaa kwa tatu za mchanga mbichi, ukafinyanga madonge ya ukubwa wa ngumi. Donge linazama hadi chini ndipo linapasuka. Ukimwaga dagaa watupu juu, mkondo unawapeleka na samaki wako wanawafuata.

Angalia magogo. Mto ukifurika unashusha miti mizima, mingine inaelea sentimita chache chini ya uso wa maji. Kwenye maji ya kahawia mwendo uwe wa kutembea tu, mtu mmoja akae omo.

BahariTulivu

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki. Nanga: miamba ya kwetu inanasa, kamba imeshakatwa. Na nguru, wanaingia ndani kiasi hicho au ni wa nje tu?

Nahodha_Ununio

Nanga usiitupe juu ya matumbawe. Unaharibu nyumba ya samaki unaowafuata, na wewe mwenyewe hutaitoa. Itupe kwenye mchanga upande mkondo unakotoka, uachie kamba hadi boti ikae ukingoni mwa mwamba. Kamba iwe mara 4 ya kina, na kina kipimwe kwa maji yatakavyokuwa, sio yalivyo. Ukitia nanga kwenye mita 5 maji yakipanda ya bamvua, baadaye utakuwa kwenye mita 8, na ile kamba ya mita 20 haitoshi tena, nanga inaanza kutembea.

Kufunga: kamba ifunge kwenye kichwa cha nanga, upande wa makucha, halafu ipitishe kando ya mpini na uishike kwenye pete kwa uzi dhaifu, mizunguko miwili mitatu ya mshipi wa 0.60. Ikinasa, peleka boti juu yake uvute kwa nguvu. Uzi unakatika, kamba inavuta makucha kinyumenyume, nanga inatoka.

Wingu jeusi la vuli likiinuka mashariki na upepo ukakata ghafla, una dakika chache. Vuta mishipi, toka mlangoni, geuza omo kwenye upepo. Mara nyingi halidumu saa nzima, ila ndilo linalozamisha.

MshipiMkononi (Tanga)

Nguru anafika milangoni na kwenye kingo za nje, hasa kibua wakiwa wengi. Hana haja ya chubwi. Buruta chuchunge mzima nyuma ya boti mita 30 hadi 40, mwendo wa noti 4 au 5, ndoana mbili zikifuatana, ya nyuma iwe karibu na mkia. Nguru hukata mkia kwanza, na mwenye ndoana moja ya mbele anarudi na vichwa vya chuchunge. Mbele ya ndoana weka waya usioshika kutu wa sentimita 30. Nailoni hata ya milimita 1 anaikata. Waya ukishakunjika kona, badilisha, hapo ndipo utakapokatikia.

Barafu pakia kilo kwa kilo: kilo 20 za samaki, kilo 20 za barafu iliyopondwa. Changu toa matumbo na matamvua hapohapo. Kuanzia Novemba maji na hewa vinapata joto haraka, na samaki aliyekaa juani saa mbili mnunuzi anamjua kwa jicho.

Kijana_wa_Sabaki (Malindi)

Ongezo la tasi, kwa kuwa utakutana nao. Miezi ya kaskazi, siku chache baada ya mwezi mpevu, hukusanyika makundi makubwa kutaga. Ukibonyeza tumbo la mmoja likitoa mayai, hama eneo hilo kwa wiki moja. Ukivua kundi la mayai, mwakani mahali pale panakuwa patupu.