Naomba ushauri: ukoo wetu ni Mkapa, naweza kuliweka jina hilo kwenye pakiti za korosho?

Habari zenu wakuu. Niko Masasi, nataka kuanza kufungasha korosho zilizobanguliwa. Ukoo wetu ni Mkapa, ila na Mzee Benjamin Mkapa wa Lupaso, rais wa awamu ya tatu, hatuna undugu wowote (watu hawaamini, wanadhani naficha). Natamani pakiti ziandikwe "Mkapa Korosho".

Hofu yangu ni kwamba jina hilo liko kwenye daraja la Rufiji, uwanja pale Temeke, hospitali Dodoma, hata taasisi ya afya. Mteja ataona ni mali ya familia ya Mzee. Shemeji anasema mbona Dangote jina lake liko kwenye mifuko ya saruji hapa Mtwara. Sawa, lakini kile kiwanda ni chake!

Najua BRELA (wakala wa usajili wa biashara) husajili jina la biashara na alama ya biashara kila kimoja peke yake. Mliowahi kusajili jina la ukoo linalofanana na la kiongozi, mlidaiwa barua yoyote? Nitangulize jina langu la kwanza, au niache ukoo nitumie la kijiji? Wanasheria msipite kimya, mchora nembo anasubiri jibu.