Naomba ushauri: mama ana kisukari na anatumia mdalasini kila siku

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Mama yangu ana kisukari aina ya pili na anameza metformin. Jirani alimwambia mdalasini unashusha sukari, basi asubuhi anakoroga kijiko cha chai cha unga wake kwenye uji, jioni anarudia kwenye chai ya maziwa. Naupenda mdalasini, pilau bila huo kwangu haijakamilika. Ila kijiti kimoja kwenye sufuria ya familia si sawa na vijiko viwili vya mtu mmoja kila siku.

Nimesoma kuwa mdalasini wa Sri Lanka una gome jembamba, lenye tabaka nyingi, linalovunjika kwa vidole. Kasia, aina nyingine ya mdalasini, ni gome nene na gumu, na ina kumarini nyingi, kemikali ya asili ambayo ikizidi inaweza kudhuru ini. Ulaya kikomo cha kumarini ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Shida ni kwamba mama ananunua uliokwisha kusagwa. Muuzaji nilipomuuliza alijibu tu kuwa ni wa Zanzibar. Nikapendekeza tununue vijiti tusage wenyewe, mama akasema ni ghali. Kliniki ni mwezi ujao, na dawa hajaacha, namshukuru Mungu.

Naomba kujua: unga uliosagwa mnautambuaje kama ni kasia? Na kwa wataalamu wa afya, kiasi hicho pamoja na metformin kina hatari, au nimpunguzie sasa hivi kabla ya kliniki?