Stika za siasa kwenye nguzo za Nairobi: ziachwe au zibanduliwe?

Mleta mada: Wadau, tangu vijana waingie barabarani Juni 2024 kuupinga Muswada wa Fedha, stika hazijaisha mjini: nguzo za taa, vibanda vya M-Pesa, vioo vya matatu. Siku hizi ni zile za "Wantam" (one term), yaani Rais Ruto akae muhula mmoja tu. Wapo wanaotaka kanjo, askari wa kaunti, wazikwangue na anayebandika ashikwe.

Mimi nasema ziachwe. Tembea kutoka Tom Mboya hadi Ngara ukisoma nguzo: mganga wa Kitui anayerudisha mume, lori la kunyonya maji taka, bedsita ya kukodisha, na sura za wagombea wa 2022 ambazo hata jua limeshindwa kuzimaliza. Sijasikia mtu akilalamika kwamba mganga analichafua jiji. Uchafu huonekana karatasi ikiigusa Ikulu. Mwenye pesa hulipia bango la barabara kuu, likapewa kibali na taa za usiku; kijana wa Kayole ana gundi tu. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza bila kuuliza umelipia nafasi kiasi gani.

Halafu kuna hili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa kwenye maandamano ya 2024. Mzazi gani atamtuma mwanawe tena mbele ya Bunge? Stika haipigwi risasi.

Mwenye duka, Luthuli: Nguzo sawa, ndugu yangu. Mlango wangu je? Nakwangua kwa kisu na petroli mpaka rangi inatoka. Na askari wakipita, anayeulizwa ni mimi. Katiba hiyo hiyo ina kifungu cha 40 kuhusu mali ya mtu.

Makanga: Sisi wa matatu stika tumeihamishia ndani, juu ya siti ya nyuma. Ikiwa kwenye kioo cha mbele, kila kizuizi ni maswali, na maswali ya barabarani mnajua huishaje. Abiria wanaipiga picha.

Wa Nakuru: Mmesahau upesi. Wakati wa uchaguzi wa 2007, huku Bonde la Ufa vilisambazwa vikaratasi visivyo na jina vikiwaamuru majirani zetu wahame. Ukikiruhusu kisicho na jina leo kwa kuwa kinakufurahisha, kesho kitabandikwa kikitaja kabila lako.

Mleta mada: Wa Luthuli, mlango wa mtu ni wake, hapo sina ubishi. Wa Nakuru, umegusa penyewe, ila kifungu cha 33 chenyewe kimeshakataa uchochezi na matamshi ya chuki. "Hameni" inamtisha jirani asiye na wa kumlinda. "Wantam" inamkera mtu mwenye walinzi pande zote. Kukosa jina ndiko pekee zinakofanania.

Wa Nakuru: Sawa. Na nani atakayeamua ipi ni ipi, askari wa doria saa nane usiku?